Madaftari Sita Tuliyoyakataa: Mwalimu Kadija Amadi Anaaga Tufikiri

Jumatatu tarehe 2 Julai 1990, saa sita na nusu mchana, Mwalimu Kadija Amadi atafuta ubao wa darasa la sita kwa mara ya mwisho, atakung'uta chaki mikononi na kutoka. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya kazi katika Shule ya Msingi Tufikiri hapa Dilala, mjini Kolwezi, yote katika shule moja, bila kuhamishwa na bila kupandishwa cheo hata mara moja. Wahariri wa jarida letu waliniomba nipunguze makali ya maneno hayo ya mwisho. Sikuyapunguza.

Waliniomba pia niandike wasifu wa furaha, wenye vichekesho kidogo, kama tulivyowaandikia wastaafu wengine. Vichekesho vipo na nitavitoa, maana haiwezekani kufanya kazi na Mama Kadija bila kucheka. Lakini tangu hotuba ya Rais ya Aprili tunaambiwa kwamba sasa kila mtu anaweza kusema. Basi na mimi Mwenze, naibu mkuu wa shule hii, nasema: mwanamke huyu alitendewa vibaya, na waliomtendea hawakutoka mbali.

Alizaliwa Kasongo. Baba yake, mzee Amadi, alikuwa msafirishaji mwenye lori moja la kubeba mawese na samaki wakavu kutoka Kongolo mpaka huku kwetu kwenye migodi. Mzee alisoma Kurani vizuri sana, lakini vibao vya barabarani vilivyoandikwa Kifaransa vilimshinda. Kadija alipofika miaka minane akapandishwa kwenye kabini amsomee. Njiani baba alimwuliza maswali: jua liko upande gani, mto tuliouvuka unaelekea wapi, kutoka kivuko mpaka hapa tumetumia muda gani. Akijibu sawa alipata mkate wa mafuta. Akikosea, mkate aliula baba huku akimtazama. Mama Kadija husema alijifunza jiografia kwa njaa, na kwamba mpaka leo akiuona mkate wa mafuta anatafuta kwanza jua liko wapi.

Alianza kazi hapa Septemba 1961, akiwa na miaka ishirini, darasa la kwanza, watoto sabini na wawili na mabenchi kumi na tano. Wakubwa walisema binti wa Kiislamu hatamaliza mwaka katikati ya walimu waliofunzwa na masista. Alimaliza. Waliosema hivyo wote wameshaondoka, yeye ndiye tunayemuaga leo.

Sasa nifike kwenye ramani, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Mwaka 1972 kila kitu kilibadilishwa jina. Nchi ilikuwa imeshakuwa Zaïre, Katanga ikawa Shaba, na sisi tukaagizwa kuacha majina ya ubatizo. Mimi niliyekuwa Fidélie nikabaki Mwenze. Afisa alipomwuliza mwenzangu jina la Kadija alilitoa wapi, alijibu kwamba ni la bibi yake, na kama afisa ana neno aende akamwulize bibi kaburini Kasongo. Wakamwacha na jina lake.

Shule ilikuwa na ramani moja tu ya ukutani, ya kitambaa, yenye majina ya zamani. Tuliagizwa tubandike vikaratasi vya majina mapya juu yake kabla mkaguzi hajafika. Gundi iliyoahidiwa haikuja. Basi tukapika uji mzito wa unga wa muhogo, ule wa kubandikia mabango, na kwa kuwa mkuu wa shule aliogopa vikaratasi visije vikadondoka mbele ya mkaguzi, tuliupaka kwa mwiko. Aliyeupika ni mimi. Mkaguzi alifurahi sana. Wiki tatu baadaye panya walikuwa wameila nchi. Walikula Shaba yote, wakala Kinshasa, wakaufuata mto tangu juu mpaka mdomoni, jina kwa jina. Iliyobaki nzima ni bahari ya Atlantiki, kwa sababu hiyo haikubadilishwa jina.

Tulicheka mpaka tukalia, halafu tukaogopa, maana mwaka ule kuharibu jina la nchi halikuwa jambo la kuchekea. Mama Kadija hakuogopa. Aliikunja ile ramani yenye matundu, akaiweka juu ya kabati, akawatoa watoto nje na kuwaambia maneno ambayo wanafunzi wake wote wanayajua: "Batoto, kwanza mujue kwenye munasimama." Siku ile walipima darasa kwa nyayo, wakalichora. Wiki iliyofuata walipima uwanja. Mwisho wa mwaka watoto wa darasa la tatu walikuwa na ramani ya barabara yao, yenye kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba, kila mwembe na kila bomba la maji.

Hivyo ndivyo yalivyozaliwa yale madaftari sita, daftari moja kwa kila darasa. La kwanza lina darasa na uwanja, la pili lina njia ya kutoka nyumbani kuja masomoni, la tatu mtaa, la nne mji wa Kolwezi na migodi yake na stesheni yake. La tano ni la mto Lualaba. Kila Mei kaka yake Abedi, aliyerithi lori la mzee, alilifagia, akatandika mikeka, na watoto wa darasa la tano wakaenda Nzilo kuona bwawa la umeme kwa macho yao na kusikia jinsi maji yanavyonguruma. La sita ndilo lina nchi nzima, Afrika na dunia. Kwa miaka kumi na miwili alisahihisha na kuongeza. Vita ilipopita mjini mwaka 1978 na watu wakakimbia na magodoro, yeye alikimbia na madaftari, kwenye sanduku la spana la Abedi. Mpaka leo yananuka grisi.

Na hayakuwa michezo, kama wengine walivyopenda kusema. Mwaka 1976 darasa la nne walihesabu hatua kutoka kila nyumba mpaka kwenye bomba la pekee la mtaa wao. Mtoto wa nyumba ya mwisho alikuwa anatembea hatua elfu moja mia moja na arobaini akiwa na ndoo kichwani. Mama Kadija alipeleka ramani ile komini, kwenye ofisi ya utawala wa Dilala, watoto wakiwa nyuma yake kwa mstari. Miezi mitatu baadaye bomba la pili likawekwa. Siku ya kulifungua zilitolewa hotuba nne za kuwashukuru viongozi kwa kuona mbali. Watoto waliohesabu hatua walisimamishwa juani wapige makofi.

Nikumbuke pia siku za salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Wakati sisi wengine tunafyeka majani kwa kununa, darasa lake lilikuwa linapima eneo lililofyekwa na kutangaza kwa sauti nani amefyeka mita ngapi. Mkuu wa shule wa wakati ule, aliyependa kusimama kivulini akitoa amri, alipimwa na kutangazwa mita sifuri. Jumamosi iliyofuata alikuja na panga lake.

Haya, vichekesho nimetoa. Tuingie kwenye lenyewe.

Juni 1984 iliundwa tume ya kuchagua programu moja ya jiografia kwa shule zote za msingi za eneo letu. Watu saba, mwenyekiti Mkaguzi Mukalay. Mezani palikuwa na vitu viwili. Upande mmoja, sanduku la vitabu vilivyotoka Ulaya, karatasi zinang'aa, picha za rangi, harufu tamu ya wino mpya. Upande wa pili, madaftari sita yaliyofunikwa kwa karatasi ya mifuko ya saruji, yananuka grisi.

Sitaki kumwonea Tata Mukalay. Alikuwa na hoja, na alizisema vizuri: mtoto wa Dilala ana haki ya kuijua dunia kama mtoto wa mahali pengine, na tusimfungie ndani ya lupango la baba yake. Mama Kadija alijibu kwamba dunia iko, imo kwenye daftari la sita, lakini mtoto asiyejua kilomita moja ina urefu gani chini ya miguu yake, ukimwambia kilomita elfu sita unamwimbia wimbo tu. Alieleza kwa dakika ishirini. Mkaguzi alimwuliza swali moja: haya yalichapishwa wapi? Hayakuchapishwa mahali popote. Wakamwambia asubiri nje barazani. Hakuna aliyefungua hata daftari moja. Ebo! Watu saba wenye diploma, wanachagua watoto wasome nini, na hawafungui wanachokikataa!

Mikono ilinyoshwa. Watano walitaka vitabu, wawili walitaka madaftari. Tulikubaliana kwamba nani kanyosha wapi haitasemwa nje. Mama Kadija aliitwa ndani, akasomewa hesabu ile, akaambiwa kwamba kuanzia Septemba madaftari yake hayaruhusiwi darasani na safari za Nzilo zimekwisha. Akasema aksanti. Akayakusanya mezani moja moja, la kwanza chini, la sita juu.

Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wa Tufikiri kwenye tume ile. Nilirudi naye kwa miguu, hatukuzungumza. Walimu wenzetu walinipokea kwa pole, wakanishika mkono kwamba angalau nilisimama upande wa mwenzetu.

Vitabu vikaja. Sura ya kwanza ilikuwa majira manne ya mwaka. Sisi tuna mvua na tuna kiangazi, basi. Palikuwa na picha ya nyumba na miti iliyofunikwa theluji, na mtoto amevaa glavu za sufu. Darasa la kwanza waliitazama sana picha ile. Wakakubaliana kwamba hao ni watu matajiri, wameanika unga wa muhogo mpaka juu ya paa, na mtoto amevaa vitu mikononi ili asiuchafue. Nilicheka, sikatai. Baadaye nikaulizwa na wazazi kama kweli Ulaya unga unaanikwa juu ya miti, na sikucheka tena.

Mwaka ule ule wa masomo, Juni 1985, darasa la sita walifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mtihani ulitungwa mbali kufuata vitabu vipya, kwa Kifaransa. Swali la tisa la jiografia lilisema: taja bwawa linaloleta umeme katika eneo lenu. Watoto hawa mwaka mmoja nyuma walikuwa wamepanda lori la Abedi, wamesimama Nzilo, wamelowa manyunyu ya maji ya Lualaba. Thelathini na saba waliandika Nzilo. Na mmoja, Tshiela, binti wa Mama Numbi anayeuza mboga sokoni, aliandika Nzilo, kisha akaongeza kwa uaminifu wake kwamba kwao umeme haujafika, nyaya zinapita juu ya nyumba tu.

Karatasi ya majibu ilisema Inga. Inga, bwawa lililo kule karibu na bahari, upande wa pili wa nchi, kwa sababu ndilo lenye picha kwenye kitabu. Thelathini na nane wakapewa sifuri kwenye swali la tisa. Thelathini na saba walikuwa na alama za kutosha, wakapita hata hivyo. Tshiela alikosa pointi moja.

Pointi moja, jamani. Mtoto aliyeona kwa macho yake, akasema alichokiona, akaongeza hata ukweli ambao hakuulizwa, ndiye aliyeachwa. Mama Numbi alikuja shuleni na kitambaa chake cha kichwa mkononi, akasimama mlangoni na kuuliza: "Mutoto yangu alisema kweli. Sasa kosa yake iko wapi?" Tulikuwa walimu tisa kwenye chumba. Mama Kadija ndiye aliyemjibu, kwa kuchukua kanga yake na kwenda ofisi ya ukaguzi.

Alikwenda mara nane. Alibeba daftari la tano, alibeba ramani za watoto, mara ya sita alikwenda na lori lenyewe, Abedi akiwa kwenye usukani, injini inawaka, akamwomba mkaguzi apande waende Nzilo akaone kama bwawa lipo au halipo. Mkaguzi alitoka mpaka barazani, akalitazama lori, akasema: "Mama, jibu iko mu kitabu. Yenye haiko mu kitabu, ile haiko jibu." Akarudi ndani. Safari ya nane alikuta mlango umefungwa na taarifa kwamba matokeo hayabadilishwi.

Mwaka mzima uliofuata Tshiela alirudia darasa la sita, na kila siku baada ya masomo Mama Kadija alibaki naye. Juni 1986 swali likaja tena, karibu na maneno yale yale. Tshiela akaandika Inga. Akapewa pointi yake, akapita, akaja mbio kumwonyesha mwalimu wake karatasi. Mama Kadija alimkumbatia, akamsifu, akampa mkate wa mafuta. Alipoondoka, mwalimu huyu aliyezika mume bila kulia mbele yetu alikaa kwenye benchi la watoto akalia, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuandika vile. Mwaka mzima wa kumfundisha mtoto mwerevu kusema asichokiona. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi.

Tshiela sasa anamaliza mwaka wa nne wa sekondari, upande wa ualimu. Jumamosi nyingi za mwaka huu alikuja kwa Mama Kadija kunakili madaftari yote sita, kwa mwandiko safi, ili pawe na nakala mbili. Panya hawajafa wote.

Wiki mbili zilizopita Mama Kadija aliniletea madaftari ya zamani, yale yenye grisi. Alinikabidhi kwa mikono miwili bila maneno mengi, akasema tu niyatunze. Usiku huo niliyafungua, na kwa mara ya kwanza nilifika ukurasa wa mwisho wa daftari la sita. Kuna ramani pale ambayo haiko kwenye programu. Ni chumba cha tume. Kimechorwa kwa vipimo: mlango, meza, sanduku la vitabu, dirisha la kuelekea barazani lenye mbao mbili zilizovunjika. Nje ya dirisha kuna alama ya msalaba, na chini yake ameandika: mimi. Ndani kuna viti saba na majina saba. Viti vitano vina mstari mdogo wa kusimama, kama mkono ulionyoshwa.

Kiti cha tano ni changu.

Ndiyo. Mjumbe wa Tufikiri alinyosha mkono kwa vitabu. Tata Mukalay alikuwa amenidokeza kwamba nafasi ya naibu mkuu wa shule inatafuta mtu anayeelewa mambo mapya, na mimi nilielewa haraka. Cheo nilikipata Septemba ile ile. Pole za wenzangu nilizipokea, nikashikwa mkono, nikanyamaza. Hasira yote mliyoisoma hapo juu ni yangu ya kweli, lakini msidhani mwenye hasira alikuwa amesimama nje ya chumba. Kama wa madaftari tungekuwa watatu dhidi ya wanne, tungeshinda? Hapana, mkono wangu usingetosha. Nimejiambia hivyo miaka sita, na haijanisaidia hata siku moja, kwa sababu sikuunyosha kwa madaftari.

Na yeye alijua. Siku ile ile alijua, tulipotembea kimya. Alijua asubuhi zote aliponimiminia chai, alijua alipolia mbele yangu, alijua alipokuja na zawadi mtoto wangu alipozaliwa. Kando ya kiti changu, kwa mwandiko wake mdogo, hakuandika tusi. Ameandika: Mwenze, anatazama chini.

Vile vitabu vya rangi vimechakaa, vingi havina tena sura ya kwanza. Tarehe 20 Agosti tume itakaa upya kuchagua programu ya jiografia, na mjumbe wa Tufikiri nitakuwa mimi. Safari hii nitakuwa wa kwanza kusema na wa kwanza kunyosha, na nitatazama mbele. Nimeyaandika haya kwenye jarida ili nisiweze kuyakana, na ili nisipofanya hivyo, kila mwalimu wa Dilala ajue aje kuniuliza nini.

Mama Kadija, kwa niaba ya walimu wote, wanafunzi wako wa miaka ishirini na tisa, Mama Numbi na binti yake, tunakuambia aksanti sana. Pumzika, kula mikate yako ya mafuta bila kutafuta jua, Mungu akupe afya na maisha marefu yenye amani. Jana jioni nilitembea kutoka mlango wa darasa lako mpaka mlango wa lupango lako, taratibu, kama ulivyotufundisha. Ni hatua mia sita na kumi. Sikugonga, niliona haya. Tarehe 20 Agosti, tume ikiinuka, nitazitembea tena, na nitagonga.